Hofu Iliyomo Ndani ya Nyumba

Mtu akija kwangu kuazima kitabu cha kusoma usiku, katika majira ambayo mvua za Ziwa Mweru humfungia kila mtu ndani mapema, nitampa hadithi ya kutisha, tena nitamchagulia iliyoandikwa na mwanamke. Na kwa kuwa nimeona watu wazima wenye heshima zao wakishtuka kwa nasaha hiyo, wakidhani kwamba hadithi za namna hiyo ni upuuzi wa kuwatia watoto jinamizi, naona ni wajibu wangu kuieleza sababu yake kwa kirefu.

Hofu tuliyorithishwa katika Katanga tangu zama za ukoloni aghalabu ni hofu ya njiani. Wazee wa Lubumbashi waliwahofia batumbula, watu waliosadikiwa kuwakamata wapitao usiku ili wakanoneshwe na kuliwa. Ng'ambo ya ziwa, katika Zambia, waliitwa banyama, Nairobi wakaitwa wazimamoto, na pwani mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akazipa uzito zinaoustahili, kwani aliziona kuwa ni ushahidi wa namna watu walivyouelewa utawala uliokuwa ukiwanyonya. Masimulizi hayo nayapenda, lakini yana faraja moja ndani yake: aliyefika kwake akafunga mlango amesalimika. Waandishi wanawake ninaowakusudia wamemnyima msomaji faraja hiyo. Kwao, mlango unapofungwa, kinachotisha kimo ndani pamoja nasi, na yamkini ndicho kilichoufunga.

Wa kwanza wao, kwa kadiri ninavyowapima, ni marehemu Grace Ogot wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Wengi humkumbuka kwa siasa, maana alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Wengine humkumbuka kwa The Promised Land, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966, miongoni mwa riwaya za kwanza kutolewa na mwanamke katika Afrika ya Mashariki. Wachache sana humtaja kuwa bingwa wa kutisha, na hapo naona tumemdhulumu. Riwaya hiyo yenyewe, ingawa husomeshwa kama kisa cha ndoa na uhamaji, ni hadithi ya hofu tangu katikati hadi mwisho: Ochola anamhamisha mkewe Nyapol, ambaye moyo wake haukuitaka safari hiyo, kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba, wanaipata, wananeemeka, jirani anawaonea husuda, na siku moja ngozi ya mume inaanza kuota miiba mwili mzima. Hospitali haifui dafu. Sisi watu wa Kilwa ya Ziwa Mweru, ambao wengi wetu tulikuja huku kutoka mbali kwa ajili ya samaki au ya migodi, tukajenga kando ya majirani tusiowajua asili yao, hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini kisa hicho kinaunguza.

Lakini kilele cha kazi yake kimo katika mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder, wa mwaka 1968. Humo mna hadithi ya Tekayo, mzee mwenye heshima katika ukoo wake, ambaye siku moja machungani anapata kipande cha ini alichokidondosha tai, anakichoma, anakionja, na ladha yake haimtoki tena ulimini. Anawinda kila aina ya mnyama, mwaka baada ya mwaka, akiutafuta utamu ule, na hauoni. Hatimaye uzee unamfikia, anaachiwa kazi ambayo kila ukoo humwachia mzee wake, nayo ni kuwaangalia wajukuu wakati wazazi wao wako shambani. Msomaji ametambua mambo yanakoelekea kabla Tekayo mwenyewe hajatambua, na kule kutambua mapema, huku akina mama wakiondoka asubuhi na majembe yao kwa moyo mtulivu kabisa, ndiko kunakoganzisha mikono inayokishika kitabu. Mwisho wake sitausema.

Katika mkusanyiko huohuo mna The Rain Came, iliyotangulia kutokea mwaka 1963 kwa jina lingine. Ukame umeikausha nchi, na mganga amemwambia mtemi Labong'o kwamba hapana budi binti yake, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Mwandishi mwingine angetupeleka mbio hadi kwenye maji na kutuonyesha zimwi. Ogot anatuweka kwanza pamoja na msichana, ambaye anasikia wakubwa wakinong'ona juu yake, naye anadhani wanamchagulia mume, anafurahi, anajiuliza moyoni ni nani kati ya vijana anaowajua. Katika fasihi yote niliyoisoma sijui sehemu inayotisha kupita furaha ile ya binti asiyejua. Waliomtoa ni watu wampendao kweli, wanaomlilia kweli. Na mwandishi aliyesomea uuguzi Uganda na ukunga Uingereza, aliyewapokea watoto wachanga kwa mikono yake, alijua thamani ya mwili mmoja unaowekwa mizanini dhidi ya haja ya watu wote.

Sasa najua hoja nitakayojibiwa nayo hapa kwetu, na ni hoja nzito. Mwezi Oktoba mwaka 2004, baada ya kikundi kidogo cha waasi kuuingia mji huu na jeshi kuja kuukomboa, zaidi ya watu 70 walipoteza maisha, baadhi yao wakiuawa bila ya kuhukumiwa. Wamo kati yetu waliokimbilia ziwani kwa mitumbwi, na wamo waliorudi wakakuta nyumba zimeporwa. Mji ulioyaona hayo, wataniuliza, una haja gani ya kutishwa na karatasi? Nami nasema kwamba mji kama huo ndio wenye haja kubwa zaidi, maana hofu isiyosimuliwa haiondoki. Hukaa kimya ndani ya watu, ikarithiwa na watoto ambao hawakuwapo. Toni Morrison wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikichukua kisa cha kweli cha mwaka 1856, cha mama mtumwa mtoro aliyemuua bintiye ili asirudishwe utumwani, akakitungia riwaya yake Beloved ya mwaka 1987, ambamo marehemu anarudi kukaa katika nyumba ya mamaye, anakula, anazungumza, anadai. Taarifa za mahakama zilikuwapo zaidi ya miaka mia; ilihitajiwa hadithi ya mzuka ili wasomaji waketi na yule mama chumbani mwake, wakae naye hadi walielewe jambo ambalo taarifa ililitaja tu. Kilwa nayo ina taarifa zake za wapelelezi na za mahakama. Hadithi yake bado inamngoja mtu, na nitafurahi akiwa ni binti wa hapa.

Sina nafasi ya kumsifu inavyompasa Mary Shelley, Mwingereza aliyeitoa Frankenstein mwaka 1818 akiwa na umri wa miaka 20, ambaye alikuwa amekwisha kumzika mtoto mchanga kabla hajaanza kuandika juu ya kiumbe kilichotupwa na aliyekiumba. Wala Shirley Jackson, ambaye The Lottery yake ya mwaka 1948, kisa cha kijiji chenye adabu na desturi zake, iliwakasirisha wasomaji wa Marekani hata wakamwandikia barua kwa mamia.

Shelley na Morrison wanapatikana kwa Kifaransa, na anayesoma lugha hiyo anaweza kuwaulizia katika maktaba za Lubumbashi. Ogot, aliye jirani yetu kuliko wote, aliandika kwa Kiingereza na kwa Kijaluo, na ningependa mno kuziona hadithi zake za 1968 zikisomwa kwa Kiswahili katika shule za Katanga, pamoja na Lenga, ngano alizozichapisha mwandishi wetu wa Kongo, Clémentine Faïk-Nzuji, mwaka 1976. Mwalimu mwenye kukijua Kiingereza asingoje mchapishaji: aanze na The Rain Came, ambayo ni fupi, awafasirie wanafunzi wake darasani kwa mdomo, na afikapo pale Oganda anapodhani anatafutiwa mume, asimame, awaulize wangefanya nini kama wangekuwa ni ndugu zake.