UCHAMBUZI: Bei ya gari la kifahari kuukuu ni mwanzo tu wa gharama

TANGAZO la gari la kifahari kutoka Ujerumani halihitaji maneno mengi. Picha moja ya Mercedes-Benz SL ya rangi ya fedha, paa likiwa wazi na viti vya ngozi vikimeremeta juani, yatosha kumsahaulisha mtu shughuli iliyompeleka mjini. Mshangao huzidi anapoitazama bei. Gari lililokuwa fahari ya matajiri miaka 20 iliyopita wakati mwingine huuzwa kwa kiasi kinachokaribiana na cha gari dogo la Kijapani la kupelekea watoto shuleni.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia na kujiuliza swali. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Iweje basi kitu kizuri namna hii kitembezwe kwa bei ya chini?

Jibu halimo katika tangazo. Bei ya gari hushuka kadiri linavyozeeka, lakini gharama ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Kipuri cha gari lililoundwa kwa ajili ya tajiri husalia kuwa kipuri cha tajiri, hata gari lenyewe likiishia mikononi mwa mwalimu au karani. Isitoshe, vipuri hivyo huanza kuhitajika kwa wingi wakati ambapo mmiliki aliyeweza kuvigharimia keshajiondokea.

Mfano mwafaka ni toleo la SL lililoundwa kati ya 2001 na 2011. Paa lake la chuma hujikunja lenyewe na kuzama ndani ya buti kwa muda wa sekunde 16 hivi. Kazi hiyo hufanywa na pampu, mabomba na silinda zinazosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo. Mipira inayoyazuia mafuta hayo hukauka na kupasuka kwa umri, hata kama gari halijasafiri mbali. Ile inayozunguka paa nayo ikilegea, maji ya mvua ya masika hupenya hadi kwenye zulia na nyaya za umeme zilizo chini yake.

La kutia hofu zaidi ni breki. Gari hilo lilikuja na mfumo ambao dereva anapokanyaga, kompyuta ndiyo hupokea amri na kuamua kiasi cha nguvu kitakachopelekwa katika kila gurudumu. Mnamo 2004 kampuni iliyoliunda iliyaita tena magari yapatayo 680,000 yenye mfumo huo ili yakaguliwe, na 2006 ikauondoa katika magari yake ya E-Class.

Kifaa kikuu cha mfumo huo huhesabu mara ambazo breki zimekanyagwa. Hesabu ikifikia kikomo, taa ya onyo huwaka na kifaa hicho huhitaji kubadilishwa. Mfumo ukifeli kabisa, breki husalia katika magurudumu ya mbele pekee, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi mno. Anayeufahamu mteremko wa kuingia Mai Mahiu hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Wakenya wasiagize gari jipya zaidi badala ya kuhangaika na kuukuu. Sababu ni mbili. Kwanza, kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, haziruhusu magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Mwaka wa 2025, mathalan, yaliyokubaliwa ni yale tu yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 1, 2018.

Pili, ushuru ni mzito. Ushuru wa forodha kwa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35 mnamo 2023. Gari la petroli lenye injini inayozidi lita 3 hutozwa pia ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, kisha ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16. Kila ushuru hukokotolewa juu ya ule uliotangulia.

Chukua gari ambalo maafisa wa forodha wamelikadiria kuwa la thamani ya Sh1 milioni. Forodha hulipandisha hadi Sh1.35 milioni, ushuru wa bidhaa hadi Sh1,822,500, na ule wa thamani ya ziada hadi Sh2,114,100. Ushuru wenyewe basi huishinda thamani ya gari, na hapo ada nyingine za uagizaji hazijahesabiwa.

Kwa hivyo, mwenye kiu ya ufahari na mfuko mwepesi huyageukia magari yaliyokwisha kuingia nchini. Soko hilo nalo lina hila zake. Wakenya wengi huuliza herufi za namba ya usajili kabla ya kuuliza mwaka ambao gari liliundwa. Gari la KC huhesabiwa kuwa changa kuliko la KB. Ilhali herufi hizo huonyesha tu wakati gari liliposajiliwa humu nchini. Magari mawili yaliyosajiliwa wiki moja yanaweza kupitana umri kwa miaka saba.

Aidha, si kila anayeuza ana haki kamili ya kuuza. Lipo gari ambalo logibuku yake imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na lipo lililoingizwa kwa msamaha wa ushuru na halijawahi kulipiwa. Mnunuzi asiyekagua rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, kabla ya kutoa pesa anaweza kuona gari likivutwa kutoka langoni mwake kwa deni asilolijua.

Kwamba gharama ya gari kubwa haiishii kwenye kulinunua, serikali yenyewe iliwahi kukiri. Katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri na maafisa wakuu warejeshe magari yao makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi lita 1.8. Yaliyochaguliwa yalikuwa Volkswagen Passat, ambayo pia ni ya Kijerumani. Kilichokataliwa basi hakikuwa Ujerumani bali ulafi wa mafuta na matengenezo. Ikiwa hazina ya taifa zima ililemewa, mshahara wa mtu mmoja utastahimili vipi?

Hata hivyo, lawama zote haziwezi kuelekezwa kwa mnunuzi. Sheria humkagua mgeni mlangoni kisha humwachia nyumba. Gari huchunguzwa kwa makini kabla ya kuingia nchini, lakini la mtu binafsi linaweza kuzeeka barabarani miaka mingi bila yeyote kulipima breki. Mnamo 2025 serikali iliwasilisha kwa umma rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari, ikipendekeza kuwa hata ya watu binafsi yaliyozidi umri wa miaka minne yawe yakikaguliwa. Wengi waliliona pendekezo hilo kama mwanya mwingine wa kuwakamua wananchi, na hofu hiyo ina msingi pale ukaguzi unapogeuka kuwa biashara ya stakabadhi. Lakini hoja yenyewe ni ya haki. Breki zikikatika, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Kabla ya siku hiyo kufika, kinga iko mikononi mwa mnunuzi. Na amtafute fundi asiye na uhusiano na muuzaji, mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu za gari la aina hiyo. Paa lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, zulia lipapaswe kama lina unyevu, na hesabu ya kifaa cha breki isomwe. Kisha aulize bei ya kifaa hicho, ya pampu ya paa na ya bima, azijumlishe na bei iliyo kwenye tangazo.

Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya gari. Muuzaji aghalabu keshaipiga hesabu hiyo, na ndiyo maana anauza.