Asiyeuliza Hanalo Ajifunzalo

Mara nyingi darasani mwalimu hutuuliza, "Mmeelewa?" Nasi huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu," hali wengi wetu hatukuelewa hata kidogo. Twachelea kuchekwa. Nami nimo katika hao. Kwa hiyo nataka kueleza habari za chama cha wataalamu kinachotetea haki ya kuuliza.

Chama hicho ni CODESRIA, yaani Baraza la Kuendeleza Utafiti wa Sayansi za Jamii katika Afrika. Lilianzishwa mwaka 1973, na makao yake yako Dakar, nchini Senegal. Katibu Mtendaji wa kwanza alikuwa Samir Amin wa Misri. Akafuata Abdalla Bujra wa Kenya. Shabaha yao ilikuwa Waafrika waichunguze Afrika wenyewe, wasingoje kuelezwa na wageni.

Toka 1986 hadi 1996 usukani ulishikwa na Thandika Mkandawire. Huyu ni jirani yetu, maana alikuwa Mmalawi, na wilaya yetu ya Ileje imepakana na Malawi. Alipokuwa masomoni Marekani, serikali ya Banda ilimnyima pasi yake. Akaishi uhamishoni miaka mingi, akapokewa Sweden. Basi alijua uchungu wa kufungiwa mlango kwa sababu ya fikra.

Katika wakati wake, Novemba 1990, wasomi walikutana Kampala wakatoa Azimio la Uhuru wa Fikra na Wajibu kwa Jamii. Mwezi Aprili mwaka huo huo, waalimu wa vyuo vya juu nchini kwetu walikuwa wamekwisha toa lao, Azimio la Dar es Salaam. Siku hizo Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Malawi, alikuwa kifungoni tangu 1987 bila kushtakiwa. Alifunguliwa mwaka 1991.

Wapo watakaosema azimio ni karatasi tu, haliwezi kuvunja kufuli la gereza. Ni kweli. Lakini mtu akionewa kimya kimya husahauliwa upesi. Wenziwe wakiwa na chama, hapana budi watauliza habari zake.

Tena maazimio hayo yote mawili yametaja wajibu pamoja na uhuru. Elimu yetu hulipiwa kwa jasho la wazazi wanaolima mahindi na kahawa. Anayeuliza yampasa kwanza awe amesoma, na akiisha elewa amweleze mwenzake wa dawati la nyuma.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Waalimu wetu watupe dakika tano za maswali mwisho wa kila kipindi. Nasi wanafunzi tuache kumcheka anayeuliza. Mkandawire alifariki mwaka 2020, lakini kazi aliyoifanya yaweza kuendelea hata hapa Mbebe, siku tutakapothubutu kujibu, "Hapana, mwalimu, sijaelewa."

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu