Aliyepona Asinyamazishwe

Mwandishi mwenzangu anashauri kwamba aliyepona saratani arudi kwenye kazi yake ya zamani, uhamasishaji awaachie wataalamu. Nakataa.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani nchini Uganda kwamba ana virusi vya UKIMWI. Hakupona, alifariki Desemba mwaka huohuo. Lakini miezi yake ya mwisho aliitumia kuzungumza shuleni na makanisani, akaupa ugonjwa uliosemwa kwa minong'ono sura ya mtu anayependwa. Daktari gani angeweza hilo?

Sasa njoo Msimbu, Kisarawe. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikigunduliwa mapema hutibika. Mama anayeogopa kupimwa hatatulizwa na kipeperushi. Atamsikiliza jirani aliyepelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, akapigwa mionzi, akarudi, na leo anamenya naye mihogo.

Ni kweli, kama asemavyo mwenzangu, matibabu humaliza nguvu na akiba. Basi kazi hii ya uhamasishaji isiwe ya bure. Halmashauri ya Kisarawe iwatafute wanawake waliopona, iwafundishe, iwalipe posho ya kila mwezi.