Si Kila Uchafu Katika Chuma ni Sumu

Aliyeandika kwamba feleji bora ni ile isiyo na hata chembe moja isiyo ya metali ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo kaishika vibaya.

Salfidi ya manganizi ni hatari, sibishi. Bamba likiviringishwa kiwandani, chembe zake hubonyea na kulala bapa. Mshono wa kulehemu ukipoa na kulivuta bamba kwa unene wake, matabaka huachana. Jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka Bahari ya Kaskazini Machi 1980, likaua watu 123. Ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa kishikilio cha kifaa tu, na wachunguzi wakakuta hapo mpasuko wa aina hiyo.

Lakini oksidi ya titani ndani ya mshono, ikiwa haifiki mikrometa moja, ni neema. Mshono ukipoa, sindano za feriti, yaani fuwele za chuma, huota juu yake zikielekea kila upande, na ufa hulazimika kupinda kila hatua. Nitridi ya titani nayo huzuia punje za austeniti, yaani fuwele za chuma kikiwa na joto kali, kunenepa kando ya mshono, ingawa jirani kabisa na chuma kilichoyeyuka joto huiyeyusha nayo. Hapo kosa si la uchafu. Ni la aliyezidisha moto.

Mwandishi angetuambia chembe gani, kubwa kiasi gani, na ziko wapi. Nawe unayenunua mabamba mazito, usiridhike na neno “safi”: dai cheti cha jaribio la kuvuta bamba kwa unene wake.