Siti tatu kwa mbili

Juzi nimerudi kampasi toka home, Bagara, na hasira bado ninayo. Basi la Babati kuja Dodoma lilikuwa la siti tatu kwa mbili, nikaangukia ya katikati. Na mimi mnanijua, ni bonge. Jamaa wa dirishani hata salamu hakuna: "Dada, wewe ungekata tiketi mbili." Watu wakacheka. Mpaka Kondoa nimefunga mikono kifuani kama naswali, bega linawaka moto.

Mwaka 2013 dunia ilishangaa Samoa Air kutoza nauli kwa kilo. Vile vilikuwa vindege vidogo, uzito ni suala la usalama, na mwembamba alilipa pungufu. Hapo naelewa. Lakini basi halipai jamani! Aliyebananisha siti tano mstari mmoja ni mwenye basi, apate nauli ya mtu wa tano. Sasa mbona tulinuniana sisi abiria? Jamaa mwenyewe magoti yalikuwa yamegota siti ya mbele.

Tiketi mbili nilipe na nini, boom lenyewe halijatoka? Likizo ijayo nauliza kabla sijalipa: mbili kwa mbili au tatu kwa mbili? Ikiwa tatu, nasubiri basi jingine. Mama anasema nadeka. Poa tu.