"Mguu Unaniuma" Ni Kauli Isiyotosha

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wale wafichao magonjwa makubwa kwa aibu au kwa hofu. Hata hivyo, yako maradhi madogo yafichwayo si kwa kunyamaza bali kwa kusema nusunusu, na mfano mmoja ni maumivu ya mguu wa mtu akimbiaye kwa ajili ya afya na burudani. Mtu huyo hakunyamaza. Amesema, tena mara nyingi: "Mguu unaniuma." Akisha kusema hivyo hudhani amesema yote, kumbe msikilizaji bado hajui lolote.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Neno mguu katika Kiswahili huanzia nyongani na kuishia kwenye ncha za vidole. Ni neno moja linalobeba paja, goti, muundi, kifundo, kisigino na wayo. Hali ni hiyo hiyo katika Kidholuo, ambamo tielo ni mguu wote, wa juu na wa chini. Warusi nao, ambao hakuna atakayedai kwamba lugha yao haijakomaa kitaaluma, hutumia neno moja, noga, kwa maana hizo zote. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nasema Kiswahili ni maskini, au kwamba msemaji wake hawezi kuufikiria mguu wake sehemu kwa sehemu. Lugha haimfungi mtu hivyo. Ninalosema ni kwamba neno pana likizoeleka mno, maneno mahususi hulala. Basi mgonjwa afikapo mbele ya tabibu, au mwanafunzi mbele ya mwalimu wa michezo, hulitoa lile pana lililo karibu na ulimi.

Katika mji wa Sindo, ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, jambo hili huonekana wazi. Alfajiri, kabla ya omena kuanikwa ufuoni, utawakuta watu wakikimbia: walimu, wafanyabiashara, wahudumu wa afya na wanafunzi walio likizoni. Baadhi hufuata barabara iendayo Mbita, baadhi hushuka kwenye mchanga wa ufuo, na wenye pumzi zaidi huelekea upande wa vilima vya Gwassi. Wengi wao si wanariadha wala hawatafuti medali. Wanakimbia kwa kuwa wameambiwa kwamba shinikizo la damu na kisukari havichagui mji wala kijiji, na kwa kuwa bodaboda imewaondolea ile safari ya miguu waliyoizoea utotoni. Ulizia habari zao baada ya miezi michache, nawe utajibiwa kwamba fulani aliacha, mguu ulimsumbua. Ulimsumbua wapi? Ulianza lini? Hakuna ajuaye.

Kinaya ni kwamba ni vigumu kupata taifa lililolitamka neno nyayo kwa wingi kama Kenya. Mwaka 1978 Rais Daniel arap Moi aliposhika hatamu za uongozi alilifanya kuwa wito wa utawala wake, akimaanisha kufuata nyayo za Mzee Jomo Kenyatta. Neno hilo likaingia katika majina ya mabasi, wadi za hospitali, uwanja wa michezo jijini Nairobi, hata maziwa waliyopewa wanafunzi wa shule za msingi. Kizazi kizima kilikua kikiliimba. Lakini mwulize mtu wa kizazi hicho maana ya wayo, naye yamkini atakueleza habari za siasa kabla ya kukumbuka kwamba wayo ni ile sehemu ya mguu inayokanyaga ardhi.

Maneno tunayo. Tuna kisigino na wayo. Tuna kifundo cha mguu, na muundi ulio mbele, na shavu la mguu lililo nyuma. Tuna ukano, ule uzi mgumu uunganishao msuli na mfupa. Ile sehemu ya wayo iliyoinuka isiguse chini twaweza kuiita uvungu wa wayo, na kila aliyewahi kufagia uvungu wa kitanda atatuelewa. Kwa upande wa vitenzi tumejaliwa zaidi: mguu huchoma, hupwita, huvuta, hukeketa, hufa ganzi. Kila kitenzi kati ya hivyo kina habari yake kwa tabibu aliye tayari kusikiliza.

Huenda msomaji akauliza: yote haya yana faida gani, maadamu maumivu ni maumivu? Faida ni kubwa. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja una mifupa 26, pamoja na misuli na kano nyingi. Maumivu ya sehemu moja si ya sehemu nyingine, na tiba ya moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine.

Chukua maumivu yaliyo chini ya kisigino, yanayochoma kama msumari katika hatua za kwanza baada ya kuamka, kisha yakapungua kadiri mtu anavyotembea. Hayo aghalabu hutokana na kuumia kwa utando mnene utokao kisiginoni na kutandaa chini ya wayo hadi kwenye vidole. Mkimbiaji hupatwa nayo, na mwalimu asimamaye siku nzima juu ya sakafu ya saruji hupatwa nayo vilevile. Wengi hupona bila kupasuliwa, ingawa huchukua miezi mingi, pengine mwaka. Yakiwa nyuma ya kisigino, juu kidogo, na mguu ukawa mkavu asubuhi, basi yamkini ni ule ukano mkubwa uunganishao kisigino na shavu la mguu. Ukano huo hautaki kulazwa kabisa. Unataka mzigo upunguzwe, kisha uongezwe tena kidogo kidogo.

Lakini yako maumivu ya aina ya tatu, nayo ndiyo yanayonitia hofu kwa ajili ya wanafunzi wetu. Haya hukaa mahali pamoja juu ya mfupa, panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole. Huzidi kadiri mtu anavyokimbia, na baadaye humsumbua hata akiwa amelala. Hii yaweza kuwa dalili ya ufa katika mfupa, unaotokana na kuugongesha mara maelfu bila kuupa nafasi ya kujijenga. Picha ya eksirei huenda isiuonyeshe ufa huo katika wiki za mwanzo. Anayeendelea kukimbia juu yake huweza kuvunjika kabisa, lakini anayepumzika wiki sita au nane chini ya uangalizi wa daktari aghalabu hurudi salama. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hapa si fumbo tena. Ni maelezo ya kitabibu. Aidha, msichana afanyaye mazoezi makali huku chakula hakimtoshi, hata hedhi yake ikakoma, yumo katika hatari kubwa zaidi, maana mifupa yake hukosa cha kujijengea.

Mwisho, mguu unaowaka moto au kufa ganzi waashiria mishipa ya fahamu. Kwa mwenye kisukari, ganzi hiyo ni onyo zito, kwani aweza kuchubuka asijue mpaka kidonda kimeoza.

Basi tazama: mambo manne tofauti kabisa, na yote katika kinywa chetu ni "mguu unaniuma."

Najua kuna watakaonipinga kwa hoja ya uvumilivu. Watasema kwamba Mwafrika hakulelewa kulialia, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Watanikumbusha John Stephen Akhwari wa Tanzania, ambaye katika mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, na bado akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watanikumbusha pia Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2015 jijini Berlin soli za ndani za viatu vyake zilichomoka njiani, nyayo zikachubuka, naye akashinda kwa saa 2 na dakika 4.

Nawaheshimu mashujaa hao, na mwalimu awasimuliapo wanafunzi habari zao hufanya vyema. Lakini tusichanganye mambo. Akhwari alikuwa amebeba bendera ya taifa changa, na siku ile haikuwa na kesho yake. Kipchoge alikuwa na mbio moja tu mbele yake, kisha mapumziko. Walivumilia siku moja kwa sababu inayojulikana. Mwalimu wa Sindo anayekimbia kwa ajili ya moyo wake hana siku moja. Ana miaka thelathini mbele yake. Kwake yeye ushindi ni kuweza kukimbia tena Jumatatu ijayo. Naye mwanafunzi wa miaka kumi na sita hastahili kulipa kwa mfupa wake heshima ya shule katika mbio za nyika.

Wengine watasema kwamba dawa ni kuvua viatu, kwa kuwa babu zetu walikimbia miguu mitupu. Hoja hii ilipata nguvu mwaka 2010, wakati jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake ulioonyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu hutangulia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo. Lakini mwaka 2013 utafiti mwingine ulifanywa miongoni mwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kutembea peku, ukaonyesha kwamba wengi wao walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida walitangulia kwa kisigino. Abebe Bikila mwenyewe alishinda Roma mwaka 1960 akiwa peku, akashinda Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Kwa hiyo hakuna sheria moja. Jambo la hakika ni kwamba mguu huumia unapobadilishiwa mambo ghafla: kutoka raba hadi peku, kutoka barabara hadi mchanga laini, au kutoka uwanda hadi mlima. Hata ufuo una hila yake, kwani umeinama kuelekea majini, na anayekimbia upande mmoja tu huulemea mguu mmoja kuliko mwingine. Kuhusu raba za mitumba, mnunuzi asiangalie jina lililoandikwa ubavuni. Aikunje soli, aone kama bado inarudi, na atazame kama kisigino hakijalika upande.

La muhimu kuliko viatu ni kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulibainisha kwamba hatari ya kuumia hupanda mtu anapokimbia kwa mkupuo mmoja masafa yanayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 yale marefu kuliko yote aliyoyakimbia katika siku 30 zilizotangulia. Maana yake ni nyepesi: aliyezoea kilomita tano asiamke Jumamosi akakimbia kumi kwa kuwa rafiki zake wamemwita. Polepole ndio mwendo.

Kwa maumivu ya chini ya kisigino, yako mambo yasiyohitaji fedha. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, vuta vidole vya mguu kuelekea muundi, uuhesabie polepole, urudie mara kadhaa. Nyosha shavu la mguu kwa kuegemea ukuta. Simama kwenye ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo iliyokunjwa, uinue na kushusha visigino taratibu. Watafiti wa Denmark walionyesha kwamba zoezi hili huleta nafuu mapema zaidi kuliko kujinyosha peke yake. Tembe za dukani za kutuliza maumivu zisimezwe ili mtu apate kukimbia, kwa sababu zinamnyamazisha mjumbe bila kusoma barua yake. Na asiyeweza kukanyaga, au aliyevimba, au mwenye maumivu ya usiku, asingojee wiki ipite, aende hospitali.

Nawageukia sasa walimu, maana ninyi ndio mlioshika ufunguo. Mtaala wa umilisi umeweka katika shule za upili za juu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Itakuwa aibu kama mwanafunzi atasomea sayansi ya michezo huku hawezi kuutaja mguu wake kwa lugha aisemayo. Mwalimu wa Kiswahili na achukue kipindi kimoja awafundishe sehemu za mguu na vitenzi vya maumivu. Ni msamiati wenye manufaa kuliko orodha nyingi za majina ya vikembe tunazowakaririsha. Naye mwalimu wa michezo asimwambie mwanafunzi "jikaze" kabla ya kumwuliza maswali matatu: Ni wapi hasa? Huuma wakati gani? Huumaje? Mtoto akijibu kwamba ni juu ya mfupa mmoja, hata usiku, na panapwita, hapo mwalimu atajua kwamba mbio zimekwisha kwa siku hiyo na safari ya hospitali imeanza.

Waswahili husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika jambo hili, ulimi ukijikwaa, dole nalo halitapona. Tuseme kwa ukamilifu, tusikilizane kwa makini, na wenye kukimbia wataendelea kukimbia.