Urefu Si Kosa la Scorsese

Mashabiki wa filamu za uhalifu wana lalamiko wasilochoka nalo: za zamani ndizo zilikuwa filamu, hizi za sasa zinachosha. Anayelaumiwa zaidi ni mwongozaji Martin Scorsese. Goodfellas yake, ya 1990, haikufika saa mbili na nusu. Killers of the Flower Moon, ya 2023, ina dakika 206. Lakini The Godfather ya 1972, ambayo watu haohao huiapia, ina dakika 175, wala sijasikia mtu akiomba ipunguzwe. Nadhani kinachowachosha ni kunyimwa raha waliyoizoea.

Itazame upya Goodfellas. Henry Hill, jambazi anayetusimulia, anampeleka mpenzi wake Karen klabu ya Copacabana. Hapangi foleni. Anaingilia mlango wa pembeni, kamera inamfuata bila kukatika koridoni na jikoni, noti zikigawiwa huku na kule, mpaka meza inabebwa juujuu na kuwekwa mbele kabisa ya jukwaa. Nani hapo hatamani kuwa Henry? Sasa mkumbuke Spider, kijana anayewapelekea vinywaji wakicheza karata. Tommy, mwenzake Henry, anampiga risasi kwa kuwa amemjibu, na ubishi unaofuata ni nani atachimba shimo. Tunashtuka, tunacheka kidogo, tunaendelea. Waliokulia vibanda umiza wanalijua hili: mtu akishakuwa steringi, atashangiliwa hata akiua.

Killers of the Flower Moon inakataa mchezo huo. Ni Oklahoma, miaka ya 1920. Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wametajirika kwa mafuta, na mgao wao hauuzwi, hurithiwa. Basi William Hale, mzungu anayejidai rafiki yao, anamsukuma mpwa wake Ernest Burkhart amwoe Mollie, na ndugu za Mollie wanakwisha mmoja baada ya mwingine. Anna anapigwa risasi. Nyumba ya Rita inalipuliwa. Ernest mwenyewe anamdunga mkewe sindano za insulini zilizotiwa sumu, huku akimbembeleza. Hakuna fumbo la kufumbua, maana wauaji tunawajua mapema. Kuimaliza familia ili kurithi mali yake ni kazi ya miaka, na filamu inatukalisha ndani ya miaka hiyo, mezani na chumbani, pamoja na wanaouawa. Ukiipa kasi ya Goodfellas, nao watakuwa akina Spider tu.

Hata hivyo sitaisifu yote. Kitabu cha David Grann cha 2017, kilichozaa filamu hii, kilimpa mpelelezi Tom White nafasi kubwa, na Leonardo DiCaprio alikuwa amepangiwa kumwigiza yeye kabla hadithi haijageuzwa na kuhamishiwa kwa Ernest. Uamuzi mzuri, ila uliishia njiani. Mmoja wa washauri wa lugha ya Kiosage katika filamu hiyo alisema hadharani kwamba angependa isimuliwe kwa upande wa Mollie, na namuunga mkono. Lily Gladstone, anayemwigiza Mollie, anaitawala saa ya kwanza, kisha Mollie anaugua, analazwa, na tunaachiwa Ernest na mawakili wake. Karibu na mwisho anarudi, anamuuliza mumewe mle kwenye sindano mlikuwa na nini, anajibiwa uongo, ananyanyuka na kuondoka. Ni dakika chache tu, nazo zina uzito kuliko kesi nzima iliyozitangulia. Kama kulikuwa na pa kupunguza, basi ni pale mahakamani.